Maji ya mgao yakirudi: tangi, ndoo ya kunywa na ratiba tunayoihitaji

Kwenye nyumba yenye watoto wadogo Dar es Salaam, taabu ya mgao haiishi bomba likianza kutoa. Hapo ndipo hatari inapoingia. Bomba la mtaani likikaa siku mbili tatu bila maji linakosa presha, na penye ufa au kiungo kilicholegea maji ya mtaroni yanapenya ndani. Kutu na tope vilivyoganda kwenye kuta zake navyo vinabanduka maji yanapofunguliwa. Kwa hiyo maji ya kwanza mara nyingi ndiyo machafu kuliko yote, na ndiyo hayo tunayoyagombania usiku wa manane kwa ndoo, sufuria na madumu, kwa sababu hakuna anayejua yatatoka kwa saa ngapi.

Msimamo wangu unaanzia hapo. Kinachowaumiza watoto wetu si uhaba wa maji peke yake, ni jinsi uhaba huo unavyotulazimisha kuyahifadhi. Anayejua kwamba maji yanatoka Jumatano na Jumamosi anahitaji tangi moja lenye mfuniko. Asiyejua hujaza kila chombo kilichomo ndani, mpaka beseni la kuogeshea mtoto, na vyombo hivyo vinavyokaa wazi ndivyo vinavyoleta kuhara na dengue, homa inayoenezwa na mbu. Ratiba ya mgao ni suala la afya ya watoto. Nitarudi kwenye ratiba, ila kwanza kuna kazi ya ndani ya geti ambayo ni yetu wenyewe.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili, Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Mto ukipungua, jiji zima linakauka. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2022, mkoa ulipotangaza mgao rasmi baada ya kina cha mto kushuka. Bwawa la Kidunda, Morogoro, limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili Ruvu iwe na maji hata kiangazi. Lakini bwawa likijaa, bomba linaloingia mtaani kwako ni lile lile, na tangi lako ni lile lile.

Tuanze na ukubwa wa tangi. Familia ya watu watano inayooga, kufua na kupika bila kujibana hutumia kama lita 50 kwa kila mtu kwa siku, yaani 250. Tangi la lita 1,000 litaichukua siku nne. Mkijibana hadi lita 30 kwa mtu, linafika siku ya sita. Mtaa wenu ukikaa wiki nzima bila maji, lita 2,000 ndiyo saizi yenu. Kununua la lita 5,000 "ili tusihangaike" si lazima kuwe faida: maji yanayokaa wiki tatu kwenye joto la Dar hupoteza klorini yote iliyotoka nayo mtamboni, na baada ya hapo hakuna kinachoyalinda.

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya mnara. Jukwaa lake liwe zege tambarare linalobeba kitako chote cha tangi. Mbao zilizopangwa kwa nafasi hupinda, kitako kinaning'inia katikati, na ufa hutokea pale pale ambapo hakuna gundi itakayoushika. Kila mita moja ya urefu kutoka kitako cha tangi hadi kwenye bomba la kuogea inakupa presha ya baa 0.1 tu, hivyo mnara wa mita tatu unatosha bafu la kawaida, ila usitegemee maji yatoke kwa nguvu.

Mabomba ya tangi ni manne, na fundi anayefunga mawili tu anakupunja. La kuingiza liwe juu kabisa, likiwa na boya. La kutumia litoke sentimita chache juu ya kitako ili lisinyonye tope. La mabaki, yaani la kutolea maji yanayozidi, karibu na mfuniko, lifungwe wavu mwembamba mdomoni, maana hapo ndipo mbu na mijusi hupita. La nne ni la kutolea uchafu, chini kabisa, lenye koki yake. Hili ndilo mafundi wengi huliruka, na bila hilo huwezi kusafisha tangi bila kulipindua. Ongeza valvu ya kuzuia maji kurudi baada ya mita. Boya nalo lijaribiwe kila mwezi: inua mkono wake kwa vidole, maji yakate kabisa. Yakiendelea kudondoka, mpira wa ndani umelika au mchanga umekwama. Mpira huo ni wa bei ndogo, lakini ukiuacha, maji yatamwagika usiku kucha na mita inahesabu.

Sasa ile koki ambayo ningetaka kila nyumba ya mgao iwe nayo. Baada ya mita, kabla bomba halijapanda kwenye tangi, fundi aweke tii, kiungo cha njia tatu, yenye koki ya chini, na nyingine ya kufunga njia ya kupanda. Maji yakikatika, funga ya kupanda. Yakirudi, fungua ya chini kwanza. Utasikia hewa ikitoka kwa kishindo, halafu maji ya rangi ya chai, halafu yataanza kung'aa. Kinga hayo ya kwanza kwenye ndoo za chooni na za kudekia, usiyamwage. Chota kwenye glasi nyeupe, inua juu ya mwanga. Ukiona yameng'aa na hayana harufu, funga ya chini, ruhusu yapande. Inaweza kuchukua dakika tano au nusu saa, kutegemea uko mbali kiasi gani na bomba kubwa. Nyumba isiyo na koki hii inapeleka tope lote kwenye tangi, halafu inashangaa kwa nini maji yananuka siku ya tatu.

Tangi lisafishwe kila miezi mitatu, na wakati wowote lilipoingiwa na maji ya tope. Chagua siku ambayo limebaki na maji ya kina cha kiganja. Funga ya kuingiza na ya kutumia. Sugua kuta na kitako kwa brashi laini yenye mpini mrefu ukiwa nje, kupitia mdomo wa tangi. Usitumie steelwire, maana inachimba mikwaruzo ambamo utelezi hujificha. Fungua koki ya kutolea uchafu. Kisha changanya jiki isiyo na manukato, ile ya asilimia 3.5, vijiko vinne vya chakula (mililita 60) katika ndoo ya lita 10, lowesha kuta zote, funika, subiri dakika 30, suuza, mwaga. Fungua na mabomba ya ndani ya nyumba mpaka harufu ya jiki ifike kwenye kila koki, halafu suuza nayo. Mtoto asiingizwe ndani ya tangi hata kama "ndiye anayeenea". Hewa ya klorini kwenye chombo kilichofungwa inakaba mapafu, na kwa mtoto ni haraka zaidi. Jiki pia isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, maana gesi inayotoka hapo ni sumu.

Kipimo kile kile cha mililita 60 ndicho kinachotosha kutibu lita 1,000 za maji maangavu kwa matumizi, hasa ya boza. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita moja na chembe tu, nayo pima kwa bomba la sindano la duka la dawa lisilo na sindano yake, si kwa kukadiria kwa kifuniko. Subiri dakika 30 kabla ya kutumia. Maji yakiwa na tope, klorini inaishia kwenye tope na vijidudu vinabaki. Kwanza yaache yatulie, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha ongeza kipimo mara mbili. Shabu inasaidia kushusha tope chini, lakini haiui vijidudu, na wengi hukosea hapo: wanaona maji yameng'aa, wanampa mtoto. Vidonge vya WaterGuard ni rahisi zaidi kwa ndoo. Kidonge kimoja hutosha lita 20 za maji maangavu, viwili yakiwa machafu, ila soma pakiti yako kwa sababu vipo vya saizi tofauti. Na jiki huzeeka. Chupa iliyokaa miezi mingi karibu na jiko imepoteza nguvu, kwa hiyo nunua ndogo inayoisha haraka.

Wanaochemsha: maji yakitokota kwa nguvu dakika moja, yamefika. Kuyaacha dakika kumi ni kuchoma gesi au mkaa bure. Tatizo la maji ya kuchemsha huanza baadaye, yanapopozwa kwenye sufuria wazi na kuchotwa kwa kikombe.

Hapo ndipo naomba tuangalie kwa karibu. Ndoo ya maji ya kunywa imekaa kwenye kona ya jikoni, na juu yake kikombe cha plastiki. Mtoto wa miaka mitatu ametoka nje kucheza, anafunua, anazamisha kikombe mpaka vidole vinalowa, anakunywa nusu, anarudisha iliyobaki ndani. Kwa tendo hilo moja, kazi yote ya gesi na dawa imepotea. Dawa yake ni chombo chenye koki chini, au dumu la mdomo mwembamba la kumimina, kilichowekwa mahali mtoto anapofikia koki bila kufikia mfuniko. Chombo kioshwe kwa sabuni kila kinapokwisha, na koki ifunguliwe isuguliwe ndani kwa brashi ya chupa. Mwelekeze dada wa kazi na bibi kwa heshima, si kwa amri, wajue kwa nini, maana wao ndio wanaoshinda na mtoto. Chupa ya shule nayo iwe ya mdomo mpana. Zile zenye mrija hushika ukungu mweusi ndani ya mrija na chini ya kampira cha kifuniko, na kuosha kwa nje hakufiki huko.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji kabisa, hata Januari jua linapochoma. Mama anyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe ndiye anywe maji.

Maji ya kisima yana shida zake. Mitaa mingi ya jiji ina visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo, na klorini ikiua vijidudu haiondoi chumvi wala naitreti, kemikali inayotoka kwenye uchafu wa vyooni. Kuchemsha kunazizidisha, kwa sababu maji yanapungua na vyenyewe vinabaki. Kwa hiyo usikorogee mtoto mchanga maziwa ya kopo kwa maji ya kisima kifupi, hata yakichemshwa. Tumia ya bomba yaliyochemshwa au ya chupa. Ya kisima yabaki kwenye kufua, kudeki na chooni. Boza nalo likija, muulize dereva amechota wapi, angalia mpira umeburuzwa wapi kabla ya kuingizwa kwenye tangi lako, na mwambie amwage ndoo ya kwanza chini.

Sasa mapipa. Mbu wa dengue, Aedes, hahitaji dimbwi. Anataga kwenye ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Ukijaza pipa, yanaanguliwa, na ndani ya siku saba hadi kumi mbu wazima wanatoka. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lazima ukuta usuguliwe kwa brashi na sabuni kila wiki, kisha pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba au mfuniko unaobana. Mfuniko uliokaa upande ni kama haupo. Jiji limepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mbu huyu anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Mtoto anayelala mchana alazwe ndani ya chandarua pia. Homa ikipanda naye analalamika macho na viungo, apimwe malaria, na kabla ya kujua ni nini apewe parasetamo peke yake. Diclofenac, ibuprofen na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu kama ni dengue, na ndizo dawa zinazouzwa haraka dukani.

Kuhara kukitokea licha ya yote, kinachoua ni kukauka maji mwilini. Pakiti ya ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukikosa, tia vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa si vya mlima, na nusu kijiko cha chumvi, katika lita moja ya maji salama. Chumvi ikizidi ni hatari kuliko ikipungua. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea polepole zaidi. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekata. Chini ya miezi sita ni miligramu 10. Anyonye na ale kama kawaida. Macho yakididimia, asipopata mkojo kwa saa sita, akilegea, akishindwa kunywa, kukiwa na damu, au kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usisubiri asubuhi.

Basi turudi mtaani, maana mzazi hawezi kumaliza yote kwa brashi na jiki.

La kwanza ni pampu. Wapo wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji ili wavute maji yanapotoka kidogo. Anayefanya hivyo anawanyima majirani wa mbele, lakini kibaya zaidi, anatengeneza mvuto ndani ya bomba, na mvuto huo unanyonya maji ya mtaroni kwenye kila ufa wa mtaa mzima. Yanafika kwenye tangi lake na letu. Njia halali ni tangi la chini linalojazwa kwa presha ya bomba yenyewe, kisha pampu ivute kutoka hapo kwenda juu. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wanazijua nyumba hizo. Kuwanyamazia kwa sababu ni watu wazito si ujirani mwema.

La pili ni bei anayolipa asiye na bomba. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 100, uniti imefika 5,000. Ikiuzwa 500 wakati wa mgao, ni 25,000. Hakuna bili ya bomba ya matumizi ya nyumbani inayofika huko. Mama anayenunua ndoo tatu kwa siku kwa bei hiyo atapunguza kwanza maji ya kunawa mikono, na hilo halina ubishi. Ndiyo maana naona kioski cha maji chenye bei iliyobandikwa kitasaidia watoto wengi zaidi kuliko kampeni nyingine ya mabango ya kunawa mikono.

Kwenye nyumba za wapangaji, bili ya pamoja huleta ugomvi ambao mwishowe humfungia mtu bomba, na aliyefungiwa ana watoto. Fungeni mita ndogo kwa kila mlango. Kabla hamjashutumiana, pimeni uvujaji: usiku fungeni koki zote, andikeni namba ya mita, msome tena alfajiri kabla hajafungua mtu. Ikiwa imesogea, kuna bomba, boya au tangi la choo linalovuja. Mara nyingi ni la choo. Bili isipoeleweka, anzieni ofisi ya mamlaka kwa maandishi mkiwa na picha za mita. Wasipowajibu, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inapokea malalamiko.

Shuleni, waulizeni walimu mambo matatu tu: tangi lina lita ngapi kwa watoto wangapi, lilisafishwa lini, na koki za kunawia zipo kwenye njia ya kutoka chooni au upande mwingine wa uwanja. Koki ikiwa mbali, mtoto hanawi. Kwa wasichana waliovunja ungo, choo kisicho na maji kinamaanisha siku kadhaa za masomo kila mwezi anazobaki nyumbani. Kamati ya shule ina uwezo wa kulipa boza kuliko inavyodhaniwa, endapo wazazi watalipigia kura jambo hilo kabla ya sare mpya za timu.

Na ratiba. Tunachohitaji si ahadi ya maji kila siku. Tunahitaji karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa na ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: eneo gani, siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani anafungua valvu, na namba ya kupiga bomba likipasuka. Ikibadilika, itangazwe kabla, si baada. Mafundi wanaofungua valvu wanazijua siku hizo kwa sababu ndio wanaozifungua. Kinachokosekana ni kuziandika. Kwenye mkutano wa mtaa unaofuata, jambo hili liingizwe kwenye ajenda mapema kwa kumwandikia mtendaji wa mtaa, likiwa na sahihi za kaya zenye watoto wa chini ya miaka mitano, na lisogezwe juu ya mengineyo, kwa sababu likiachwa kwenye mengineyo watu watakuwa wameshaondoka.